Ski za Kilo Hamsini na Sita

Bweni la shule, Hochried
12 Desemba

Kwako Babu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia, na kwamba dawa unainywa badala ya kuitazama. Mimi mwili hauna neno ila mapaja yanauma, na moyo hauna raha. Sababu nitaitaja sasa hivi, kabla sijajificha nyuma ya salamu.

Nimeshindwa mtihani wa ualimu wa ski.

Asubuhi, kwenye barafu, tulitakiwa kushuka kwa kasi kwa mizunguko mirefu. Nilikuwa wa pili kati ya watu ishirini na wawili. Ski zako, mbao zile za kutelezea ulizonichongea, zilishika mteremko kama reli. Saa sita mchana tukatakiwa kushuka polepole kwa mizunguko mifupi, kama mwalimu anayeongoza watoto. Hapo zikakataa. Nikizigeuza kushoto zinaendelea mbele kwanza, kama ng'ombe aliyesikia amri akaamua kuifikiria. Alasiri, kwenye vinundu vya theluji iliyolowa, nilijikuta nimekaa nyuma, uzito wote visiginoni, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayekaa nyuma amekwisha. Mkaguzi, mzee mwenye ndevu, aliniambia, "Binti, huziendeshi ski. Zinakuendesha." Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, ili nisilie.

Sheria ya hapa unaijua: jozi moja kwa siku nzima, tangu barafu ya asubuhi hadi theluji ya alasiri iliyolainika kama uji. Mtihani wa mwisho ni tarehe 9 Aprili. Nikishindwa tena jina langu linafutwa, ualimu umeniishia, na ninarudi kuosha sahani hotelini. Sirudi, Babu. Nakwambia mapema.

Naomba ushauri wako, kwa upole ikiwezekana.

Mjukuu wako,
Ottilie


Gafreu, Montafon
19 Desemba

Mjukuu wangu Ottilie,

Marahaba. Kifua kimepoa. Dawa ya daktari ni tamu mno. Siamini kitu kitamu kinaweza kutibu. Mama yako hajambo, na anauliza kama unakula.

Upole nimeutafuta nikaukosa, kwa hiyo nakupa ukweli. Ski hizo ni kazi ya mkono wangu. Moyo wake ni mbao ngumu, una mabati mawili ya alumini, moja juu na moja chini. Upana wake katikati ni milimita tisini na sita, urefu sentimita mia na themanini. Kabla sijakukabidhi zilipita mstari wa daraja, nawe ulikuwepo. Hartmann mwokaji alizivaa pale kanisani juu, akanyoosha hadi daraja la mto bila kugeuza hata mara moja, na ncha hazikutetemeka. Hivyo ndivyo ski inavyopimwa Gafreu tangu enzi za babu yangu. Ski iliyopita mstari haina kosa. Kinachobaki ni mguu.

Mguu wako umelegea. Vaa viatu vya ski, panda ngazi za bweni mara hamsini kila siku. Ukiteremka, egemeza muundi kwenye ulimi wa kiatu, usiuondoe. Na usiazime ski za kiwandani. Hakuna mtu wa ukoo wetu wa Vallaster aliyewahi kuonekana juu yake.

Usinipigie simu. Nasikia nusu tu, na nusu nisiyoisikia ndiyo yenye maana.

Babu yako,
Gebhard


Hochried
8 Januari

Babu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini mmeula salama, na kwamba mama hakukuacha umalizie jibini kali peke yako.

Ngazi nimepanda. Siku kumi na sita, mara hamsini kila siku. Mpishi wa bweni sasa ananiita Lifti. "Lifti, ukifika juu uniletee chumvi!" Mguu umekuwa mgumu kama mlango wa ghala, na ski bado zinafikiria.

Nimefanya mambo mawili utakayoyachukia. Ni afadhali uyasikie kwangu.

La kwanza, nimeazima ski za kiwandani, zisizo na bati. Kwa mwendo wa polepole zilinitii kama paka mwenye njaa. Kesho yake asubuhi, kwenye barafu, zilitetemeka hadi meno yangu yakagongana, nami nikaogopa kasi kwa mara ya kwanza tangu utoto. Kwa hiyo sisemi za kiwandani ni bora kuliko zako. Zinafaa nusu ya siku, kama zako zinavyofaa nusu nyingine.

La pili, nimezitoboa ski zako. Nilifungua vifungio vya viatu, nikashika keekee, nikavisogeza mbele sentimita mbili ili uzito wangu ukae karibu na pua ya ski. Najua Gafreu hakuna anayetoboa ski ila fundi aliyeitengeneza. Najua pia watu husema kwamba kutoboa ski ya mwenzio ni kumfuta jina. Nimetoboa. Zinageuka vizuri zaidi kidogo, na kidogo hakitoshi.

Babu, mimi nina kilo hamsini na sita. Hartmann ana ngapi?

Mjukuu wako,
Ottilie


Hochried
2 Februari

Babu,

Shikamoo. Hali yangu njema, yako siijui.

Wiki tatu na siku nne bila neno. Nimempigia simu Filomena wa posta. Anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia karakana ukatia komeo.

Ukiwa umekasirika, kasirika. Nitangoja. Ila mtihani haungoji. Zimebaki siku sitini na sita.

Ottilie


Gafreu
16 Februari

Ottilie,

Marahaba. Sote wazima.

Nilikasirika. Siku nane sikugusa randa. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo mtu huyaandika mara moja na kuyajutia mara nyingi, basi nikaiweka kalamu chini. Siku ya tisa niliamua kukuaibisha kwa ushahidi. Ninayo jozi pacha ya ski zako, niliyoigandisha kwa gundi siku ile ile kwa mbao ya gogo lile lile. Nikangoja theluji nzuri, nikawaita watu, nikawavalisha, nikasimama chini ya mteremko na daftari. Nakuandikia yote niliyoyaona, pamoja na yasiyonipendeza. Ushahidi wa kuchaguliwa ni uongo.

Wa kwanza alikuwa Hartmann. Uliuliza uzito wake: kilo mia na mbili, kabla ya kifungua kinywa. Alishuka mara tatu, akasimama mbele yangu akihema kwa furaha. "Fundi, hizi si ski, hili ni treni! Nipe leo leo."

"Rudi juu," nikamwambia. "Sasa shuka polepole, mizunguko mifupi."

Akanitazama kama nimemwomba aoke mkate bila moto. "Polepole kwa nini? Nani kakwambia nimezeeka?" Alikataa katakata, na hilo pia nimeliandika.

Wa pili, Filomena. Kilo hamsini na nne. Unajua anavyoteleza, miaka thelathini anapeleka barua za nyumba za juu kwa ski, hata siku ya tufani. Alichelewa kufika chini hadi Hartmann akaanza kunitania kwamba tumempoteza mtumishi wa serikali. Alipofika, kofia ilikuwa upande.

"Mzee Gebhard, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona unataka kuniua? Hizi ukiziambia zikate kona, zinakuuliza una kibali cha nani!"

"Kula mkate zaidi uongeze uzito," akasema Hartmann.

"Mkate wako? Si ndiyo nitazidi kukonda!"

Watu wa foleni ya lifti ya mlimani walicheka. Mimi sikucheka. Ski hugeuka inapopinda, na niliona kwa macho yangu kwamba chini ya Filomena hazikupinda. Zilikuwa bapa kama benchi. Nimeliandika.

Sasa msikilize wa tatu. Verena wa kiwanda cha mbao, aliyeshindana miaka kumi na kurudi na vikombe. Alipanda, akashuka kama kisu kwenye siagi, akageuza kushoto na kulia bila kupoteza hata chembe ya mwendo. "Nzuri sana, fundi," akasema. "Zinaamka ukizipiga." Nikamuuliza uzito. Kilo hamsini na tano.

Umeona? Verena ni mwepesi kuliko wewe kwa kilo nzima, na ski zile zile zimemtii. Kosa basi si la ski. Nijibu hilo, kama una jibu.

Babu yako, ambaye bado ana hasira,
Gebhard


Hochried
21 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Sijalala na njaa wala sijaumwa, na barua yako nimeisoma mara nne. Asante kwa kumwandika Filomena. Mtu mwingine angemwacha nje ya daftari.

Jibu ninalo, na amelitoa Verena mwenyewe: "Zinaamka ukizipiga." Kwa kasi, mtu wa kilo hamsini na tano huzikandamiza kama mtu wa mia. Kasi inazipinda kwa niaba yake. Verena hajashuka polepole tangu aache kutambaa. Hartmann hataki. Aliyeshuka kwa mwendo wa kazi ni Filomena peke yake, na mwalimu ni Filomena, si Verena. Nyuma yangu watakuwa watoto wa miaka sita na mameneja wa benki wa miaka sitini, wote wanaogopa. Nikienda kwa mwendo wa kuziamsha ski zako, nitawaua. Nikienda kwa mwendo wao, ski zinalala.

Na mstari wa daraja, Babu, unapima nini? Kwenda moja kwa moja kwa kasi. Miaka yote hiyo Gafreu tumeiuliza ski swali moja tu, tena tukamtuma mwokaji aulize.

Usiniamini mimi. Zivae wewe. Mfuate Filomena tangu juu hadi chini, mizunguko yake iwe yako, mwendo wake uwe wako, na usimpite. Ukifika bila kuanguka, nitakuomba radhi kwa barua iliyotiwa sahihi mbele ya padre.

Mjukuu wako,
Ottilie


Gafreu
4 Machi

Mjukuu wangu Ottilie,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa nyonga ya kulia, na habari ya nyonga ndiyo habari ya barua hii.

Radhi yako iweke. Sikufika.

Nilimfuata Filomena kama ulivyotaka. Mzunguko wa kwanza nikampita. "Mzee, rudi nyuma, tumekubaliana!" Wa tatu nikampita tena, si kwa kupenda. Wa tano nikajaribu kuzishika zisiende, zikaenda, nami nikabaki. Nilianguka mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya darasa la watoto wadogo, wamejipanga kama bata. Msichana mmoja mwenye kofia ya kijani akanionea huruma. "Babu, fanya pizza!" akaniambia, akanionyesha jinsi ya kuzikutanisha ncha za ski ziwe kama kipande cha pizza. Darasa zima likaanza kuimba, "Pizza! Pizza!" Filomena aliniinua akiwa analia kwa kicheko.

Nimetengeneza ski kwa miaka arobaini na minane. Wakati huo wote sijawahi kushuka polepole hata siku moja, na sikujua kwamba sijawahi. Kosa si la mguu wako. Nimeandika, na sitaandika mara ya pili.

Sasa kazi. Nitatia bati moja badala ya mawili, nami nitalikata lisifike puani wala mkiani. Katikati litakushikia barafu, ncha zitapinda. Moyo nauchonga mwembamba, mbao nyepesi pembeni na ngumu chini ya kiatu. Urefu mia na sabini na mbili. Nitumie uzito wako ukiwa umevaa viatu, koti, kofia na kila kitu. Usipunguze kwa haya. Gramu utakayoificha ndiyo itakayokutupa mtaroni.

Gundi inataka siku zake, na mimi nina wiki tatu tu. Fundi mwenye busara angekataa. Mimi nimekwisha kuwasha moto karakana.

Babu yako,
Gebhard


Hochried
28 Machi

Babu,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Mama ameniambia kwamba unalala karakana, na kwamba chakula anakupelekea huko kama mfungwa. Mungu akulipe, maana mimi sitaweza.

Ski zilifika siku ya Jumatatu. Mzunguko wa kwanza nilianguka. Nilikuwa nimezoea kusukuma mlango uliokwama. Huu ulikuwa wazi, nikaingia hadi ukutani. Siku mbili nimejifunza kusukuma kidogo. Sasa nasikia kila kitu kinachotokea chini ya miguu. Kwenye barafu zinashika, si kama reli, ila kama mkono wa mtu. Polepole zinageuka nikiwa bado nawaza kugeuka.

Ila nakwambia kama wewe ulivyoniambia, bila kuchagua. Kwenye vinundu vya alasiri mkia hauachii. Unamaliza mzunguko, unataka kuanza mwingine, mkia unang'ang'ania theluji kama mgeni asiyetaka kuaga. Nimeanguka hapo mara sita leo. Kuzirudisha kwako hakuna muda; zimebaki siku kumi na mbili.

Nifanye nini?

Ottilie


Gafreu
31 Machi

Ottilie,

Marahaba. Nyonga ipo. Salamu zaidi zingoje.

Mkia nimeukosea, nilihofia barafu. Chukua tupa laini. Makali ya chuma, shibiri moja kutoka mwisho wa mkia, yaondoe ukali. Pitisha tupa mara tatu, vaa, jaribu. Bado? Mara tatu nyingine. Usiguse chini ya kiatu hata kwa kucha. Siwezi kujua kutoka hapa ni wapi pa kuacha. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo fundi wa mkia ni wewe.

Jumapili jozi mpya ya Verena ilipimwa. Hartmann alinyoosha hadi darajani kama desturi. Kisha nikamtuma Filomena ashuke njia ile ile polepole, kona thelathini. Wazee walinung'unika kwamba supu inapoa. Nikawaambia ipoe.

Babu yako


Hochried
10 Aprili

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Nina afya, nina njaa, na nimelala saa kumi na moja mfululizo.

Tupa nilipitisha mara tisa, shibiri moja na vidole viwili. Vidole viwili ni vyangu.

Jana asubuhi kwenye barafu nilikuwa wa saba. Kwenye kasi kubwa kabisa hizi zinatetemeka kidogo ambapo zile za kwanza zingetulia. Zile zingenipa nafasi ya pili tena. Nilijua hivyo nikiwa juu, nikashuka nazo hivyo hivyo. Saa sita tulipewa watoto halisi, sita kila mtu. Niliteremka mbele yao mwendo wa kutembea, na kila nilipogeuka kutazama nyuma walikuwa wote, wanafuata alama zangu kama uzi na sindano. Mkaguzi mwenye ndevu alikuwa nyuma yao. Alasiri kwenye vinundu mkia uliachia kila mara isipokuwa mara moja. Niligusa theluji kwa mkono, nikainuka, nikaendelea. Sijui wanahesabuje mkono.

Mwisho akaja kuzigeuzageuza ski. "Nani kazitengeneza?"

"Babu yangu."

"Na mkia nani kaupiga tupa?"

"Mimi."

Akaandika kwa muda mrefu, akaondoka.

Majibu yanatumwa kwa posta, pamoja na beji kwa waliofaulu, kwenye anwani ya nyumbani, nayo ni kwako. Wiki tatu. Mimi nimebaki hapa juu kufunga msimu. Nikishindwa safari hii, nimeshindwa mwenyewe, wala sitamtafuta wa kumlaumu. Nimelala na kuamka na wazo hilo, na ninaona naliweza.

Mjukuu wako,
Ottilie


Gafreu
3 Mei

Mjukuu wangu Ottilie,

Marahaba. Nyonga imepona, kifua kimepona, na mama yako amenirudisha mezani kula riebel ya unga wa mahindi na kahawa kama binadamu.

Bahasha ya shule imefika leo asubuhi. Filomena aliileta, akanipa, kisha akabaki mlangoni kana kwamba barua za nyumba nyingine zitajipeleka. Haikupita dakika tano Hartmann akatokea na mkate ambao sikuuagiza.

"Fungua, Mzee," akasema.

"Ina jina lako?"

"Ina jina la Vallaster!"

"Soma jina la kwanza. Barua ya mtu haifunguliwi."

"Basi hata kuigusa?"

Sikuona sheria inayokataza kugusa. Filomena anasema amepeleka bahasha za shule hiyo kwa miaka thelathini. Za walioshindwa, pamoja na yako ya Desemba, zina karatasi moja, na ukizishika zinajikunja. Hii haijikunji. Ina kitu kigumu cha mviringo katikati. Hartmann hakutosheka, akaibonyeza kwa kidole gumba, tena kwa nguvu zile zake za kukanda unga, na pini ikamchoma. Alipiga kelele hadi mama yako akatoka jikoni. Filomena alikaa chini palepale kizingitini akajifuta macho kwa mkoba wa serikali.

Mimi sijasema kitu. Majibu ni yako, na wewe ndiye utakayeyasoma wa kwanza. Naituma leo hii kwa rejista, bila kuifungua.

Doa jekundu kwenye kona ni la Hartmann.

Babu yako,
Gebhard